Kuku Wanapokufa, Tumaini Letu Liko Wapi?

Masomo: Ayubu 1, 6-22, Habakuki 3, 17-19, Luka 13, 1-5.



Kuna ulizo ambalo sisi mashemasi tunalisikia mara nyingi tunapotembelea nyumba za waamini. Mtu anatuonyesha banda tupu, kisha anasema: "Tunasali, tunafunga, tunatoa nsinsani, lakini kuku wetu wote wamekufa. Mungu alikuwa wapi?" Wengine wanacheka wakisikia ulizo hilo. Wanasema ni mambo ya kuku tu, Mungu ana kazi kubwa zaidi. Sisi hatucheki. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Katanga kuku ndiye akiba ya mtu asiye na benki. Kuku ndiye dawa ya mtoto mwenye homa usiku, ndiye chakula cha mgeni, ndiye daftari na pesa za shule. Anayepoteza kuku wote kwa juma moja amepoteza kitu cha kweli, na machozi yake ni ya kweli.

Kwa hiyo tumeona vema kuandika juu ya jambo hili. Hatutaandika kama watu waliosimama mbali. Tutasema yaliyotupata sisi wenyewe, hata yale ya haya.

Katika nyumba yetu tulianza na matetea watatu na jogoo mmoja. Hatukuwafunga. Asubuhi tuliwafungulia mlango, nao wakachakura chini ya miembe, kando ya mihogo, mpaka kwenye malupango ya majirani. Jioni tuliwatupia pumba za mahindi kidogo ili wakumbuke nyumba. Munajua ninyi wenyewe ufugaji wa namna hii. Hauombi pesa nyingi, lakini unafundisha kuhesabu hasara. Kuku anaatamia mayai kumi na mawili kwa siku 21, anatotoa kumi. Kipanga anachukua wawili, kicheche anaingia usiku, mvua ya baridi inaua wengine. Mwishoni munabaki na watatu au wanne, na munasema asante. Hata hivyo, polepole, baada ya miaka mitatu kundi letu lilifika kuku 43. Tulikuwa na mpango nao: binti yetu alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na kuku ndio wangelipa masomo yake.

Mwisho wa mwezi wa nane, wakati wa vumbi na upepo, kuku mmoja alisimama kando ya ukuta ameangusha mabawa. Kesho yake walikuwa saba. Wengine walihema mdomo wazi, wengine walitoa mavi ya kijani, wengine shingo ilipinda nyuma mpaka wakazunguka kama vipofu. Ndani ya siku tisa tulizika kuku 38. Walibaki watano.

Katika siku hizo tisa tulijaribiwa mara tatu, na tunataka kuwaeleza majaribu hayo, kwa maana ndani yake ndimo tulimopata jibu la ulizo letu.

Jaribu la kwanza lilikuja jioni ya siku ya pili. Rafiki mmoja alituambia: "Uzeni leo. Kesho watakuwa mizoga." Neno lake lilikuwa na akili ya dunia. Tulichagua sita ambao macho yao yalikuwa bado wazi, tukawaweka katika kikapu, tukafika mpaka barabarani. Mama wa nyumba alitufuata akauliza ulizo moja tu: "Baba, mnunuzi akikuuliza kama kuku ni wazima, utamjibu nini?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi. Hatusemi tulirudi kwa sababu ya utakatifu. Tulirudi kwa haya. Lakini hata haya ni mlango ambao Mungu anaweza kuingilia.

Jaribu la pili lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa lilivaa nguo za ibada. Siku ya Mungu ilikuwa karibu, na kulikuwa nsinsani. Moyo ulituambia: "Yule tetea mweupe bado anasimama. Mutoeni kwa Mungu. Atauzwa palepale, na ninyi mutakuwa mumetoa." Tazameni, wandugu, mahali tulipofika! Kile tulichoona haya kumwuzia mtu, tulifikiri kumpa Mungu. Nabii Malaki, katika sura ya kwanza, anawauliza makuhani walioleta mnyama kipofu na kilema kwenye madhabahu kama wangethubutu kumpelekea mtawala zawadi ya namna hiyo. Tetea yule alikufa Jumamosi usiku, na siku ya Mungu tulikwenda mikono mitupu.

Jaribu la tatu lilikaa ndani yetu kwa muda mrefu kuliko yale mengine. Karibu na lupango letu anakaa mama mmoja mjane, mtu wa maombi. Siku chache kabla ya ugonjwa alipita, akatazama kundi, akasema: "Kuku wenu wamenona, Mungu awabariki." Kuku walipoanza kufa, mtoto mmoja wa nyumba alisema: "Ni yeye. Aliwatazama." Midomo yetu ilimwambia mtoto anyamaze, lakini moyo wetu haukunyamaza. Kwa majuma mawili tulimsalimu yule mama bila kumtazama usoni. Sisi, shemasi, tunaohubiri kwamba Mungu aliye hai anashinda uchawi wote, tulimpa mjane kesi katika moyo wetu bila shahidi.

Baadaye tulimwendea munganga wa mifugo. Alisikiliza habari zote, akasema ni ugonjwa wa Newcastle. Kisha akauliza: "Je, kabla ya haya, mulileta kuku mgeni?" Ndiyo, tulileta. Juma moja kabla tulinunua sokoni jogoo mwekundu mwenye kifua kipana. Hatukuuliza ametoka wapi. Jioni ileile tulimwachilia kati ya wengine, nasi tukafurahi. Munganga akatueleza kwamba kuku anaweza kuonekana mzima huku ugonjwa uko ndani yake, na kwamba unapita kwa pumzi, kwa mavi, kwa maji ya kunywa, hata kwa viatu vya watu. Basi aliyeleta kifo katika banda letu alikuwa nani? Tulikuwa sisi wenyewe.

Na si hayo tu. Kuku wetu walikuwa wanatembea mpaka kwa yule mama mjane. Tulipokwenda hatimaye kumsalimu, tuliona kwamba lupango lake liko kimya. Alikuwa na kuku wanne. Wote walikufa siku tatu baada ya wetu kuanza kufa. Hakusema neno kwa mtu. Sisi tulimhesabu kuwa mwenye kutudhuru, kumbe sisi ndio tuliomdhuru yeye.

Wandugu wapenzi, sasa turudi kwenye ulizo. Mungu alikuwa wapi?

Watu wanatoa majibu matatu. Wa kwanza wanasema: Mungu anakuadhibu, tafuta dhambi yako. Wa pili wanasema: kuna mtu amekuloga, mtafute. Wa tatu wanasema: Mungu hayuko katika mambo haya, kwa hiyo kila mtu ajiokoe kwa akili yake, hata kwa uongo kidogo. Majibu haya hayafanani, lakini yana mzizi mmoja. Yote yanafikiri kwamba kumtumaini Mungu ni kama mapatano ya biashara: sisi tunatoa sala, yeye anatoa ulinzi. Ulinzi ukikosekana, mmoja wa wenye mapatano amekosa, na kazi yetu ni kutafuta ni nani.

Bwana Yesu hakukubali fikira hiyo. Katika Luka sura ya 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakana kwamba walikuwa wabaya kupita wengine waliokaa Yerusalemu. Kisha hawaruhusu wasikilizaji kuendelea kuwachungua wale wafu. Anawageuzia neno wao wenyewe, watubu. Na katika Matayo sura ya 10 anasema juu ya shomoro wadogo wa bei ndogo. Tusome vizuri mahali hapo. Yesu hasemi kwamba shomoro haanguki. Anasema haanguki bila Baba. Shomoro anaanguka, na Baba yupo. Mambo haya mawili yanakaa pamoja katika kinywa cha Bwana, hata kama ni vigumu kukaa pamoja katika kichwa chetu.

Twende sasa kwa Ayubu. Katika sura ya kwanza Shetani anamwuliza Mungu kama Ayubu anamcha bure, bila faida. Hilo ndilo ulizo lenyewe, wandugu. Je, mtu anampenda Mungu, au anapenda boma ambalo Mungu amejenga kuzunguka mali yake? Mtu mwenye kuku 43 hawezi kujua jibu. Hatusemi kwamba Mungu aliwaua kuku wetu ili atupime. Hatujapewa kusema hivyo, na tumekwisha kueleza nani aliyemleta yule jogoo. Tunasema tu kwamba banda likiwa tupu, mtu anaonekana alivyo. Sisi tulionekana, na hatukuwa wazuri.

Wengi wanapenda sura ya mwisho ya Ayubu, pale anaporudishiwa mara mbili: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Lakini Ayubu aliinama akaabudu katika sura ya kwanza, siku ileile ya msiba, wakati hakujua kama kuna sura ya 42. Na nabii Habakuki anaimba furaha yake mbele ya mtini usio na matunda na zizi lisilo na kondoo. Haimbi baada ya zizi kujaa tena. Basi tumaini si kujua kwamba kuku watarudi. Tumaini ni kubaki watu wa Mungu wakati kuku hawarudi.

Kanisa letu lilizaliwa katika tumaini la namna hiyo. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule alihukumiwa kufa, kisha Mfalme Albert wa kwanza akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku, katika gereza la Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, akafa tarehe 12 Oktoba 1951 bila kuachiliwa. Miezi michache ya kazi mbele ya watu, miaka 30 ya gereza. Na Mama Muilu Marie alibaki na kundi. Wafuasi walifukuzwa katika vijiji vyao, wakapelekwa mbali. Waliobaki walisali kwa siri. Yeye aliwakusanya. Alilala katika Bwana tarehe 27 Aprili 1959. Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959. Alikosa kuona siku hiyo kwa miezi minane. Je, tumaini lake lilikuwa la bure? Sisi tunaosali leo mchana, bila kujificha, ndio jibu.

Kwa hiyo tumaini linaonekana katika mikono zaidi kuliko katika midomo. Na Kanisa limetupa maneno matatu ambayo kila mtoto anayajua: Upendo, Amri, Kazi. Tuyaweke katika banda la kuku.

Upendo. Mali ikipotea, usitafute mtu wa kubeba lawama. Katika nchi yetu wazee, wajane na hata watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno moja la kushukiwa uchawi, na mara ngapi neno hilo lilianza na kifo cha kuku, cha mbuzi, au cha mtoto? Kabla ya kuuliza nani amenitendea, uliza kwanza: mimi nimemtendea nani? Tulikwenda kwa mama mjane, tukamweleza yote, hata yale ya moyoni ambayo hakuyajua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nilikuwa ninawaombea." Neno hilo lilituumiza kuliko hasara yote. Kuku wa kwanza waliokua baada ya msiba hatukuwahesabu kuwa wetu. Tulimpelekea wanne, mmoja mmoja kadiri walivyokomaa, nasi tulimaliza deni hilo baada ya mwaka na zaidi.

Amri. Kuku mgonjwa hauzwi, hapewi rafiki, hatolewi sadaka. Wengine wanasema kwamba mnunuzi atamchinja tu, hakuna ubaya. Lakini wengine wananunua ili wafuge, kama sisi tulivyomnunua yule jogoo. Na hata anayechinja atatupa manyoya na matumbo, nayo yatafika kwa kuku wa mwingine. Labda mtu mmoja alikuwa na shida ya pesa, akaona jogoo wake anaweza kuleta hasara, akamwuza haraka, na sisi tukalipa. Kama tungeuza wale sita wa kikapu, nyumba nyingine sita zingelipa. Amri ya kutoiba na ya kutosema uongo haikuandikwa kwa ajili ya siku za kushiba. Waliokufa wazikwe katika shimo refu au wachomwe, wasitupwe kwa mbwa wala kando ya njia.

Kazi. Kuna wandugu wanaosema kwamba chanjo ni kukosa imani. Tunawauliza kwa upole: mbona munafunga mlango wa banda usiku? Kama kufunga mlango kwa sababu ya kicheche si kukosa imani, chanjo nayo ni mlango. Ugonjwa huu hauna dawa ukishaingia, lakini una chanjo. Iko aina ambayo ni tone moja katika jicho la kila kuku mzima, na inarudiwa kila miezi minne. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo tusingojee kuona mabawa yameanguka. Majirani wakiungana siku moja, chupa moja inatosha malupango mengi, kwa kuwa ina matone mengi na haikai ikiisha kufunguliwa. Na kuku mgeni akae peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganyika na wengine. Tukifanya hayo yote, bado kipanga atapita. Kazi yetu haimlazimishi Mungu. Lakini mtu asiyefanya kazi yake, kisha akamwuliza Mungu alikuwa wapi, anapaswa kwanza kujiuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi.

Labda msomaji mmoja atasema: "Shemasi, ninyi munaongea juu ya kuku. Wandugu wetu wa Goma na Bukavu mwaka 2025 waliacha nyumba zao, wengine walizika watoto. Utawaambia wachanje kuku?" Hapana. Mbele ya maiti ya mtoto sisi tunakaa chini, tunalia pamoja, tunafunga midomo. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa kimya. Walikosa walipoanza kueleza. Hatupimi msiba wa mtu kwa kuku wetu. Tunasema tu kwamba Bwana, katika Luka sura ya 16, anaunganisha uaminifu katika jambo dogo na uaminifu katika jambo kubwa. Anayejifunza kutomshitaki jirani kwa sababu ya kuku, labda siku ya msiba mkubwa hatashika panga. Anayejifunza kutosema uongo kwa ajili ya kuku sita, labda hatauza ndugu yake kwa ajili ya nyumba.

Munataka kujua mwisho wa habari yetu. Hatukurudishiwa mara mbili. Binti yetu alikaa nyumbani mwaka mzima, akiwaona wenzake wanapita asubuhi na mashati meupe. Alitukasirikia, na alikuwa na haki. Kuku wale sita wa kikapu wangelipa miezi yake ya kwanza. Tulimwambia ukweli, kwamba tulichagua hivyo na kwamba yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa. Hatukumwambia kwamba Mungu atafanya muujiza, kwa sababu Mungu hakutuambia hivyo. Mwaka uliofuata alirudi shuleni kwa pesa za mahindi, akamaliza. Leo kundi ni kuku 17. Mwezi uliopita kipanga alichukua vifaranga wawili mbele ya macho yetu.

Siku hiyo tulimtazama kuku mama. Hana makucha ya kipanga, na hawezi kuruka juu kumfuata. Alipanua mabawa, akaita, na waliobaki wakaingia chini yake. Bwana Yesu alipoutazama Yerusalemu, karibu na siku zake za kufa, alijifananisha na kuku huyo. Hakujifananisha na kipanga. Huenda hapo ndipo Mungu alipokuwa siku tulipouliza. Alikuwa anaita. Aliita kwa sauti ya mama wa nyumba pale barabarani, na kwa sauti ya mjane aliyetuombea huku sisi tunamshuku. Sisi ndio tuliochelewa kuingia.

Wandugu, banda likijaa, tushukuru. Banda likiwa tupu, tusiuze uongo, tusimshitaki jirani, tusikunje mikono. Neema ya Bwana wetu ikae nanyi nyote. Amina.